Ukungu Kwenye Mashine ya Taisto

Taisto Keskitalo alipiga simu Jumatano asubuhi, bintiye hata hajavua koti kazini, akamwambia bila salamu kwamba mashine imekwisha.

"Mashine gani, Baba?"

"Ipi tena? Kompyuta. Siku hizi inanitolea ukungu mtupu. Kwenye mchezo, meli naing'oa gatini vizuri, lakini nikifika nje kwenye barafu, basi, ni kama natazama kupitia glasi ya maziwa. Halafu inakwamakwama kama mkokoteni."

Outi alicheka. Kompyuta ile ya mezani waliiunda pamoja, yeye na baba yake, miaka kumi na minne iliyopita, na kadi yake ya picha, ile inayochora kila kinachoonekana kwenye skrini, ilikuwa imepitwa na wakati tangu siku walipoinunua. Taisto aliichagua kwa sababu moja tu: feni yake haikuwa na kelele.

"Ni kadi hiyo," Outi alisema. "Nitakuletea nyingine. Nisomee tu karatasi iliyobandikwa kwenye kisanduku cha umeme, kule nyuma. Imeandikwa wati ngapi?"

Zilisikika pumzi za mzee anayeinama. "Mia tano hamsini."

"Safi. Inatosha."

Taisto alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye meli za kuvunja barafu za bandari ya Kemi, na yote hiyo aliimaliza chini, kwenye chumba cha mitambo. Maofisa huko juu walikuwa na madirisha. Yeye alikuwa na saa za presha na mafuta. Barafu aliisikia ikipita ubavuni mwa meli, karibu kabisa na sikio lake, akajua kwa mlio wake kama ni changa au kongwe. Kuiona ikipasuka mbele ya meli, hapana. Kila alipopanda kuvuta hewa, alikuta imekwisha kuvunjwa, iko nyuma, inaelea vipandevipande.

Alipostaafu, na mkewe Raija alipofariki, Outi alimwekea mchezo wa meli kwenye kompyuta. Mchezaji husimama juu, kwenye usukani, akaitazama bahari yote iliyoganda. Tangu hapo, kila asubuhi baada ya uji, Taisto alikaa mbele ya skrini na kofia yake ya sufu kichwani. "Nimepandishwa cheo," aliwaambia majirani. "Kimechelewa kidogo, lakini kimefika."

Ijumaa Outi alipanda treni kutoka Tampere na kadi mkobani. Asubuhi yake walitandika magazeti juu ya meza ya jikoni, wakalaza kompyuta ubavu. Ilikuwa mwezi wa Machi, na jua la juu ya theluji lilijaa jikoni hadi kwenye vifuniko vya masufuria. Taisto alileta trei tupu ya mayai.

"Bado unayo hiyo!" Outi alisema.

"Si ile. Ile mama yako aliitupa. Lakini mayai hayajabadilika umbo."

Trei ile ilimrudisha Outi mbali, kwenye majira ya kuchipua ya mwaka tisini na nane. Alikuwa na miaka kumi na sita, na kadi yake ya kwanza ya picha ilikuwa mezani hapohapo, imetulia kwenye mfuko wake wa fedha kama kitu kitakatifu. Alitaka kuichomeka upesi ajue inafanya nini. Baba yake alimshika mkono. Kwanza shika chuma, alimwambia, umeme wa mwilini uondoke. Kisha kila skrubu ikawekwa kwenye shimo lake la trei, kwa mpangilio wa kutoka, ili irudi kwa mpangilio wa kuingia. Mashine haiharakishwi, alisema. Ukiiharakisha, itakuchelewesha yenyewe. Walipoiwasha, maji ya mchezo aliokuwa akicheza, ambayo siku zote yalikuwa vigae vya kijani, yalianza kutikisika na kumeta. Mama yake aliacha vyombo kwenye sinki akaja kutazama na mapovu mikononi.

Kisha zikaja zile Jumamosi za ukumbi wa michezo wa Oulu. Vijana mia mbili walibeba kompyuta zao kutoka kila upande, wakaziunga kwa nyaya, wakacheza siku mbili wakila soseji. Taisto alimpeleka kwa gari, skrini nzito ikiwa kwenye kiti cha nyuma, imefungwa blanketi la Raija na mkanda juu yake. Wazazi wengine walishusha watoto wakaondoka. Taisto alibaki "dakika tano tu," na chupa yake ya kahawa. Dakika tano hizo zikawa hadi jioni, maana alisikia feni ya mvulana mmoja ikilia, na yeye hakuweza kuvumilia kitu kinachozunguka bila mafuta. Alikwenda garini, akarudi na kichupa cha mafuta ya cherehani, akaweka tone moja. Feni ikanyamaza. Mwaka uliofuata, walipoingia tu ukumbini, walikuta foleni. Vijana warefu wenye nywele hadi mabegani walikuwa wamesimama na feni mikononi, wakimwita Mzee Mafuta. Outi aliona haya hadi masikio yakamwaka. Sasa, akiwa na miaka arobaini na mitatu, angetoa chochote aone tena foleni ile.

"Unaota," Taisto alisema. "Leta bisibisi."

Outi alifungua kasha. Vumbi lilikuwa limelala ndani kama manyoya. Akainama kutazama kisanduku cha umeme, akainama tena.

"Baba. Hii ni mia tatu hamsini."

"Nilisema mia tatu."

"Ulisema mia tano."

"Basi ulisikia vibaya."

Outi hakubishana, ila jambo hilo lilimkaa. Mtu huyu alisoma saa za presha miaka thelathini na mmoja, na hakuna aliyewahi kusema kakosea. Kwa wati mia tatu hamsini kadi mpya isingewaka, kwa hiyo ilibidi kisanduku kingine kitafutwe kabla maduka hayajafungwa. Alichukua ufunguo wa gari, akaenda nje. Gari halikutoa hata kikohozi. Theluji juu yake ilikuwa ya tabaka kwa tabaka, ya majira mazima, na magurudumu yalikuwa yameganda ardhini.

"Betri," Taisto alisema kutoka mlangoni. "Baridi ya mwaka huu imezidi. Chukua potkuri."

Basi Outi alikwenda mjini kwa potkuri, kile kiti chenye reli mbili ndefu za chuma, mguu mmoja ukisimama na mwingine ukisukuma theluji, kama alivyokwenda shule zamani. Alirudi na kisanduku cha wati mia sita na hamsini kimekaa kwenye kiti kama bibi mheshimiwa.

Kisanduku kiliingia bila tabu. Kadi ndiyo iliyogoma. Ilikuwa ndefu kupita ile ya zamani kwa nusu ya kiganja, na kichwa chake kiligonga fremu ya bati inayoshika diski.

"Nipishe," Taisto alisema, macho yakimng'aa. "Hapo panataka msumeno."

"Baba, huwezi kuikata kompyuta kwa msumeno!"

"Kwani ni nini? Bati. Nimekata bati tangu babu yako hajazeeka."

Walitoa fremu nje, na Outi akamtazama baba yake akifanya kazi. Alipima kwa kidole, akakata, akapiga tupa ncha kali hadi ikawa laini. Skrubu alizirudisha bila kutazama, akizitafuta kwa ncha za vidole, na kila moja ikakubali. Outi alidhani ni mbwembwe za fundi mzee.

Wakasimamisha mashine, wakaiwasha. Feni zikazunguka. Skrini ikabaki nyeusi.

"Umeiua," Taisto alisema.

Outi alikagua kila kitu mara mbili, jasho likimtoka, hadi baba yake aliponyosha mkono nyuma ya kasha na kupapasa. "Waya wa skrini umeuchomeka wapi, mwanangu? Hapa ni tundu la zamani. Kadi yako iko chini, inalia peke yake."

"Usimwambie mtu."

"Kesho saa mbili asubuhi nitakuwa nimeshawaambia wote."

Waya ulihamishwa, na picha ikaja. Outi alifungua mchezo, akapandisha kila kipimo hadi mwisho, meli ikatoka gatini. Ikafika nje. Barafu ilienda hadi upeo wa macho, na ilikuwa na mikwaruzo, na mabonde, na theluji nyembamba iliyopeperuka juu yake kama unga. Mbele ya meli ufa ulikimbia, ukagawanyika, vipande vikainuka na kulala ubavu.

"Ona, Baba! Ona vile inavyopasuka!"

Taisto alisogea. Akasogea tena, hadi pua ikakaribia kioo. Kofia aliivua.

"Ndiyo," alisema polepole. "Haikwamikwami tena."

"Na ukungu?"

"Ukungu bado upo."

Outi alitazama skrini iliyokuwa angavu kama dirisha lililooshwa, kisha akamtazama baba yake. Mia tatu na mia tano. Gari. Vidole vilivyotafuta skrubu.

"Baba, funika jicho moja. Sasa la pili. Dirishani kukoje?"

"Maziwa. Kote maziwa."

"Tangu lini?"

"Oktoba. Nilidhani ni mashine." Alizungusha kofia mikononi. "Yaani, nilitumaini ni mashine. Mashine nitaitengeneza."

"Kwa nini hukusema?"

"Nikisema, nitapimwa. Nikipimwa, leseni imekwenda. Bila gari, nani ataniacha nikae hapa peke yangu? Watanipeleka kule nyumba ya wazee wanakoimbishwa kila Alhamisi."

Outi alitaka kumgombeza, akakumbuka simu zao. Miezi mitano alikuwa amezungumza naye kila Jumapili, akimsikia akilalamikia mashine, naye akicheka. Akavuta kiti karibu na chake.

"Huo ni mtoto wa jicho, Baba, nakuhakikishia. Mama mkubwa Aune alikuwa nao, na madaktari waliuondoa kwa dakika ishirini. Alirudi siku ileile anachambua mapazia ya watu."

"Mtoto wa jicho," Taisto alisema. "Mimi nina mtoto mmoja, na huyo ananitosha kwa fujo."

Lakini mkono wake ulikuwa umeshika wa bintiye, na haukuachia mpaka kahawa ilipochemka ikamwagika.

Alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia mwezi wa Mei, hospitalini Oulu. Outi alichukua likizo. Kesho yake, jikoni, waliondoa kifuniko cha plastiki kilicholinda jicho. Taisto alipepesa, chozi likamtoka, akamkazia macho bintiye muda mrefu.

"Una mvi."

"Zilianza majira ya baridi yaliyopita."

"Hukuniambia."

"Nilidhani unaona."

"Zimekukaa vizuri," alisema. "Raija naye zilianzia hapohapo." Kisha akageuza kichwa, akaona sakafu. "Na hii nyumba, Mungu wangu, ni chafu hivi? Nimekuwa nikikaribisha watu humu!"

Huko nje barafu ya kweli ilikuwa imeyeyuka, ghuba iliyo mbele ya mji iko wazi na ndege wamerudi. Ndani ya mashine ilikuwa bado Februari. Taisto alikaa, akaitoa meli gatini kwa uangalifu wa mtu anayebeba mayai, akapita taa ya mwisho ya bandari, akaingia kwenye barafu nzima. Kipande kikubwa kiliinuka mbele, kikageuka.

"Kumbe chini ni buluu," alisema.

"Ulikuwa hujui?"

"Ningejuaje? Niliambiwa. Kuambiwa ni kuambiwa." Alisikiliza kidogo, akakunja uso. "Sauti waliyoweka si yenyewe, lakini." Akaizima kabisa.

Halafu, kwenye ukimya ule, akaanza kumwonyesha kwa kidole. Hii nyembamba, nyeusi, ingepita ikinong'ona kama karatasi inayochanwa. Ile yenye mgongo, pale ilipojikunja juu ya yenyewe, ingelia kama bati linaloburutwa kwenye mawe, na vikombe vingeanguka kutoka kwenye ndoano. Kila aina aliyoiona aliitajia mlio wake, miaka thelathini na mmoja ya milio, na Outi akasikiliza yote. Mara kwa mara mzee alisimamisha meli, akarudi nyuma kidogo, akapita tena mahali palepale, kwa sababu tu alipenda kuona.

Jicho la pili lilitengenezwa Agosti. Leseni hakunyang'anywa. Alinunua betri mpya, na kufikia majira ya baridi alikuwa akiwapeleka majirani sokoni, watake wasitake.

Jumapili moja ya Januari Outi alimpigia saa nne asubuhi, kama kawaida. Simu ililia sana kabla ya kupokelewa.

"Sasa hivi siwezi, mwanangu," Taisto alisema kwa haraka. "Niko nje ya bandari ya Ajos, nina meli tatu nyuma yangu zinanisubiri nizifungulie njia. Nipigie saa saba."

Akakata.