Kompyuta Iliyochelewa Kuamka

Kila asubuhi Baba Kitinda alibonyeza kitufe cha kompyuta yake mpakato, akaiacha inakoroma mezani, akaja jikoni kunywa chai na mkewe. Hapo hakuna la ajabu, isipokuwa kwa anayemjua Baba Kitinda. Mtu huyo maneno aliyatoa kwa kijiko. Watoto wao wote walizaliwa, wakasoma, wakatawanyika, naye bado akiulizwa habari za kazini alijibu "nzuri" na kufungua gazeti. Alikuwa mchoraji wa ramani za majengo. Mkewe alipenda kusema kwamba mzee alioa rula kwanza, yeye akaja kuwa mke wa pili.

Kisha akastaafu, akaanza kuwachorea watu ramani za nyumba zao katika chumba cha nyuma, na kompyuta ikazeeka. Ukibonyeza kitufe ungeweza kuchemsha maji, kupika chai na kunywa kikombe na nusu, ndipo itoe ule mlio wake wa kusema iko tayari. Kule chumbani hakukuwa na la kufanya zaidi ya kuukodolea macho mduara unaozunguka, basi mzee akawa anakuja jikoni. Na mtu akikaa jikoni bila gazeti, hatimaye atasema neno. Alianza kwa kuilaumu kompyuta. Akaja kwenye wateja wanaotaka vyumba vinane kwenye kiwanja cha banda la kuku. Akafika hata kwa marehemu mama yake, ambaye mkewe hakuwahi kumsikia akimtaja. Waliosema kimya kingi kina mshindo mkuu hawakukosea, ila mshindo wa huyu ulichukua muda wake.

Mama Kitinda alikuwa mkunga maisha yake yote, na alijua kwamba kinachokuja chenyewe hakivutwi. Hakuuliza kitu. Alijaza kikombe tu.

Asubuhi moja mzee alianza hadithi ya siku alipomwona mkewe mara ya kwanza. Mama Kitinda siku zote aliamini ilikuwa kwenye harusi ya binamu yake, alipomwaga soda kwenye suruali ya kijana asiyemjua.

"Siku ile ndiyo wewe ulianza kuniona," mzee akasema. "Mimi nilikuwa nimeshakuona zamani, kule zahanati. Nilitumwa nikapime wodi ya wazazi, ilikuwa inataka kupanuliwa. Nikafika mlangoni, futi yangu ya kupimia mkononi, nikasimama."

Kompyuta ikalia huko chumbani. Mzee akaweka kikombe chini, akainuka.

"Nitakumalizia," akasema.

Siku iliyofuata akaja Kitinda, yule binti yao wa mwisho aliyewapa wote wawili majina yao ya uzeeni. Alikuwa fundi wa kompyuta, ana kibanda chake mjini, na alikuwa amesikia kwamba mashine ya baba iliganda mbele ya mteja mpaka mteja akaaga. Akatandika taulo mezani, akaipindua kompyuta, akafungua skrubu mojamoja na kuzibandika kwenye karatasi kwa mpangilio uleule zilivyotoka. Tabia hiyo hakuiokota njiani, aliirithi. Feni ilikuwa na vumbi la kujaza mto. Akalipiga brashi, akachomeka memori ya ziada, kisha akaitoa diski ya zamani na kuweka mpya, akiwa ameshanakili kila kitu kilichokuwemo.

"Ile ya zamani ina sahani inayozunguka, ndiyo maana imechoka," akamweleza mama yake. "Hii haina kinachozunguka. Na usiniambie haraka haraka haina baraka."

Akabonyeza kitufe. Kufumba na kufumbua, kompyuta ikalia kwamba iko tayari. Mzee akacheka kwa sauti, kicheko ambacho nyumba ile haikuwa imekizoea, akamshika bintiye kichwani kama alipokuwa mdogo. Mama Kitinda naye akacheka na kupiga makofi.

Asubuhi iliyofuata alibandika maji ya chai ya watu wawili. Hata hayajachemka, akasikia vidole vikigonga vitufe katika chumba cha nyuma. Akampelekea mzee kikombe, akakiweka dirishani, maana kwenye meza ya ramani hapakuwekwa kikombe tangu dunia iumbwe.

"Asante, Mama Kitinda," akasema bila kuinua macho.

Siku zikafuata zikiwa hivyohivyo, na hadithi ikabaki imesimama mlangoni. Mama Kitinda aliumia. Tena aliona aibu kuumia, mtu mzima kuonea wivu chombo cha umeme. Lakini alimkosa mumewe, na ukweli ndio huo. Ilikuwa vigumu zaidi sasa kuliko zamani, kwa sababu zamani hakujua anachokikosa.

Akaenda kibandani kwa binti yake.

"Ile kompyuta, unaweza kuirudisha ilivyokuwa?"

"Ina tatizo gani?"

"Haina."

"Sasa?"

"Iko mbio mno."

Kitinda akaweka bisibisi chini. "Mama, watu wanakuja hapa kunibembeleza niwaharakishie. Wewe ni wa kwanza kutaka icheleweshwe."

Ikabidi amwambie yote, chai, maneno, mpaka futi mkononi. Alidhani atachekwa. Kitinda hakucheka.

"Kwa hiyo nimekunyang'anya mume."

"Umemtendea baba yako wema. Usiende kumwambia."

"Diski ya zamani ninayo hapa kwenye droo, naweza kuirudisha leoleo. Ila ilikuwa inakufa, mama. Ingekufa na ramani zake zote, halafu ungesubiri nini kikuletee mume jikoni? Mwambie mwenyewe."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba unataka akae na wewe."

Mama Kitinda alishawafokea wake za wakubwa wasukume, na walisukuma. Lakini maneno hayo hayakumtoka hata alipoyajaribu peke yake njia nzima ya kurudi nyumbani.

Asubuhi akamimina vikombe viwili, akavibeba hadi chumba cha nyuma, akaviweka vyote juu ya meza ya ramani. Mzee akavitazama vikombe. Kisha akamtazama mkewe, aliyekuwa amesimama, kwa kuwa chumba kile kilikuwa na kiti kimoja tu.

"Ulikuwa umefika mlangoni," mkewe akasema. "Futi mkononi. Mimi bado nimesimama hapo na wewe, na miguu inaniuma."

Mzee akarudisha macho kwenye kompyuta, mpaka mkewe akanyoosha mkono achukue vikombe vyake. Ndipo mzee akaifunika kompyuta, akainuka, akatoka. Mama Kitinda akadhani amemuudhi. Akasikia kitu kikiburutwa sakafuni. Mzee akarudi na kiti cha jikoni, akakiweka karibu na chake, akangoja mpaka mkewe akae.

"Kwenye kitanda cha mwisho kulikuwa na mwanamke amefiwa na mtoto," akasema. "Wenzako wote wanapita mbio. Wewe umekaa sakafuni, umemshika mkono, husemi kitu. Nikapima wodi yote, nikamaliza, bado umekaa."

Mama Kitinda alimkumbuka mwanamke yule. Hakujua kwamba kuna mtu alikuwa anatazama.

"Hapakuwa na kiti," akasema.

"Hapakuwa. Nikarudi ofisini, nikachora kiti kando ya kila kitanda. Mkubwa wangu akavifuta vyote. Nikasema haidhuru, yule dada nitamtafuta, nimpe kiti nyumbani kwangu." Akakizungusha kikombe juu ya ramani, akaacha duara la chai katikati ya sebule ya mtu. "Nikakupata. Halafu nikakuacha umesimama miaka yote hii."

Machozi yalimtoka Mama Kitinda, na hakuyafuta.

"Nimeshakaa," akasema. "Kunywa chai, inapoa."