Wimbo Ulioishia Mlangoni

Alasiri ikishaadhiniwa, mzee Bare hakukalika tena. Alitafuta fimbo yake, akavaa viatu, mara nyingine kimoja tu, akaanza kuzunguka nyumba: chumbani, ukumbini, sebuleni, jikoni, kisha langoni. Alitaka kwenda Diff, kijijini kwao. Ngamia wake, alisema, wamefika kisimani na hakuna wa kuwanywesha. Ngamia hao walikwisha kuuzwa zamani, na yeye mwenyewe alikuwa akiishi Garissa kwa binti yake, Ramlo, tangu akili ilipoanza kumpotea. Ramlo aliacha kumweleza hayo. Kila alipomweleza, mzee aliyapokea kama habari ya msiba mpya.

Kilichomtuliza ni nyimbo. Enzi zake za kuuza mifugo hakusafiri bila kaseti zake, nyimbo za kabani, ala ya nyuzi kama udi, na sauti nzito za wakati ule. Ramlo, kabla vumbi halijazimaliza, alikuwa amezihamishia zote kwenye kompyuta iliyokaa chumbani mwake mwenyewe. Akizifungulia, baba yake aliketi ukingoni mwa kitanda, akatikisa goti, uso ukalainika. Lakini hakudumu. Alinyanyuka, akatoka ukumbini, na sauti ilipofifia nyuma yake akasahau kwamba kulikuwa na wimbo. Diff ikamrudia. Kuongeza sauti hakukufaa kitu, kwa sababu kelele ilimtia hofu.

Basi Ramlo akataka jambo moja tu: wimbo umfuate baba yake kila aendako ndani ya nyumba.

Ilionekana kazi ndogo. Televisheni ya sebuleni iliiona kompyuta kupitia waifai, ikayapanga majina ya nyimbo kwenye kioo, halafu kila alipobonyeza ikamjibu kwamba faili hilo haliwezi kufunguliwa. Spika mpya aliyoituma kaka yake Mahamed kutoka Marekani, ambayo ilikaa chumbani kwa mzee, ilisikilizana na simu za aina moja tu, na Ramlo hakuwa na simu ya aina hiyo. Redio ya jikoni ilikuwa kongwe, haikujua waifai wala nini. Ilijua stesheni, basi.

Mahamed alipopigiwa simu alimwambia aviweke kando vyote, atamtumia seti nzima ya vitu vinavyoelewana, pengine mwezi ujao.

“Mahamed, walaal,” Ramlo alisema, “baba anatoka leo.”

Alikuwa mwalimu wa jiografia, na sasa kila akitoka shuleni alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta, hata buibui hajalivua. Alizigeuza nyimbo moja moja ziwe za aina ambayo televisheni ingekubali. Akaazima simu ya mwalimu mwenzake, akaibembeleza spika hadi ikakubali. Chakula kilipoa mezani. Eeddo Shamso, dada yake mzee Bare aliyeshinda naye asubuhi, alisema sasa nyumba ina watu wawili wasiotulia.

Siku ambayo televisheni na spika ziliimba pamoja, Ramlo alikaribia kulia kwa furaha. Kisha akasikia. Televisheni ilikuwa nyuma, kidogo tu, kama mtu anayerudia maneno ya mwenzake. Mzee Bare alikuwa amesimama ukumbini, katikati ya sauti mbili, anageuka huku, anageuka kule.

“Wako wawili,” alisema. Mikono ikapanda masikioni. “Yupi ananiita?”

Ramlo alizima kila kitu, akamketisha sebuleni, akarudi kwenye kompyuta kuutafuta ule uchelewaji. Alibadilisha hiki, akajaribu kile, akapandisha, akashusha. Alipoinua kichwa, nyumba ilikuwa kimya kupita kiasi. Lango lilikuwa wazi.

Alikimbia hadi msikitini, hakumwona. Akauliza dukani, hakuna aliyemwona. Alimpigia Deeq, jirani yao mwenye teksi, na wakiwa garini akakumbuka ilikuwa siku ya mnada. Akamwambia aelekee soko la mifugo.

Walimkuta katikati ya ngamia, mguu mmoja mtupu, anapapasa shingo ya jike mmoja huku mwenye mali akimtazama kwa heshima bila kumfukuza.

“Hawa si wangu,” alimwambia Ramlo kwa sauti ndogo.

“Naam, aabo. Twende.”

Ramlo aliketi naye kiti cha nyuma, mkono wake juu ya mkono wa baba yake. Ndipo alipotambua kwamba mzee alikuwa anatikisa goti. Redio ya gari ilikuwa inapiga wimbo wa zamani. Ramlo aliuliza ni stesheni gani. Deeq akamwambia si stesheni, ni simu yake, akamwonyesha kidude kilichochomekwa karibu na gia: kinachukua wimbo kutoka kwenye simu na kuurusha, redio yoyote iliyo karibu inaudaka.

“Redio yoyote?” Ramlo aliuliza.

“Yoyote, hata ya babu yangu.”

Kesho yake alizunguka maduka hadi akapata kidude cha namna hiyo chenye waya wa kuingia kwenye kompyuta. Akanunua na redio ndogo za betri, akazitundika kwenye misumari, moja kila chumba. Alizifungua zote, akasimama ukumbini akisubiri ile sauti ya nyuma. Haikuwepo. Mwimbaji alikuwa mmoja nyumba nzima. Mzee Bare alitoka chumbani, akapita jikoni, akarudi, anaimba mstari kabla haujafika. Spika ya Mahamed ikabaki kuwekewa chupa ya chai.

Lakini langoni bado alifika, na bado alitaka Diff. Safari hii Ramlo hakumzuia. Alimtia redio moja mfukoni, akavaa viatu, wakatoka pamoja. Walipita ukuta wa jirani, wakapita mti wa mgunga. Karibu na kona wimbo ulianza kukwaruza, ukawa mvumo mtupu.

Mzee akasimama. Aliitoa redio, akaitazama.

“Wametupotea,” alisema. “Turudi tukawatafute, aabo.” Kwa neno hilo la ‘baba’ ndivyo alivyomwita binti yake tangu utotoni, kama akina baba wa kwao wanavyowaita watoto wao.

Waligeuka. Ramlo hakujua kesho watafika wapi, wala keshokutwa. Karibu na lango sauti ilijitokeza tena, nyembamba, kisha kamili, na baba yake akaongeza mwendo hadi ikambidi yeye ndiye amkimbilie.