Maneno ya Wendelin

Kompyuta ya Notburga ilikuwa imechoka, na kila aliyeingia kwenye kibanda chake cha kuchapa pale Mbinga mjini alimwambia hivyo bila kuombwa. Watu wana mdomo. Hata aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho aliacha ushauri mezani. Ila fundi Salvatory alisema ya kweli: windo iliyomo, ile programu kuu inayoiendesha mashine, haihudumiwi tena, tovuti za maombi ya vyuo na kazi zimeanza kuikataa, na printa mpya haisikilizani nayo kabisa.

"Mama Violet, tupige windo mpya," alimwambia Notburga. "Itakuwa nzito kidogo, sikufichi, mashine yenyewe ya zamani. Lakini ukibaki na hii, wateja wote watahamia kwa jirani."

"Nipe muda, fundi."

Muda aliutaka kwa sababu ya Wendelin. Marehemu mumewe alikuwa Mmatengo wa Mpepai, katekista, na kwenye kompyuta hiyo walichapa sala, matangazo ya misiba na mialiko ya arusi kwa Kimatengo. Mashine haikukijua Kimatengo. Neno kama sengu, ule mkusanyiko wa ukoo kula na kuonyana pamoja, ililipigia mstari mwekundu kana kwamba ni kosa. Basi Wendelin akaanza kuifundisha. Anabonyeza neno, analiongeza kwenye kamusi ya mashine, mstari unafutika. "Umelijua sasa, mjinga wewe," aliiambia, na Notburga alicheka kila mara.

Notburga mwenyewe ni Mnyasa wa Lundo. Alipoolewa huku milimani, mawifi walisema Kimatengo chake kinanuka usipa, wale dagaa wa ziwani kwao. Ilimuuma, akawa haongei mbele zao. Wendelin akampa kazi ya kuchapa. "Wewe andika tu," alimwambia. "Penye wekundu paache, nitapapitia jioni." Jioni anasahihisha maneno mawili matatu, na ukurasa wote unatakata. Ndivyo mke alivyojifunza lugha ya mumewe: neno likikaa bila mstari, anajua limekaa sawa. Tangu Wendelin atangulie, mashine hiyo ndiyo mwalimu pekee aliyembakia, tena asiyemcheka.

Kwa hiyo alipima, akapima tena. Bila windo mpya kibanda kitakufa, na hana kazi nyingine. Na hiyo mpya ikija na kumeza kila kitu? Heri nusu shari kuliko shari kamili, alijiambia, lakini hakuwa na hakika nusu ni ipi. Mwishoni akamwuliza fundi kile kilichokuwa kinamkosesha usingizi.

"Na maneno ya Wendelin? Hayatapotea?"

"Maneno yote yatabaki, mama. Nitayahamishia kwenye flashi kwanza. Hata nukta haitapotea."

Salvatory alikuwa na maana ya sala, barua na matangazo. Habari za kamusi hakuwa nazo, wala Notburga hakujua kwamba kuna la zaidi la kueleza. Akakubali.

Mashine ilirudi inawaka vizuri. Mafaili yote yalikuwemo, tovuti zilifunguka, na wateja wa maombi wakaanza kurudi. Notburga alimshukuru fundi kwa moyo wake wote.

Kisha mama mkwe wake, Bibi Walburga, akaja kutoka Mpepai. Alitaka tangazo la Misa ya kumkumbuka mwanawe, mwaka umetimia, nalo lisomwe kanisani kwa Kimatengo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Niandikie vizuri."

Notburga akaanza kuchapa. Kabla ya kumaliza mstari wa pili mikono ilikuwa imesita. Ukurasa mzima ulikuwa mwekundu. Sengu lilikuwa jekundu. Jina la Wendelin lenyewe lilikuwa jekundu.

Alimpigia Salvatory simu. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. "Mama, sikujua kama ndiyo hayo. Diski niliifuta yote kabla ya kupiga windo." Notburga hakuweza kumkasirikia mtu aliyejibu alichoulizwa. Maji yakimwagika hayazoleki.

"Unalia nini?" Bibi Walburga aliuliza.

"Siwezi tena kujua neno lipi ni sahihi, mama."

"Nisomee. Macho ndiyo yamekufa, masikio ninayo."

Akamsomea. Bibi aliitikia kwa kichwa, neno baada ya neno, mpaka walipofika mahali pa kuwakaribisha ndugu kwenye chakula baada ya Misa. Hapo akainua mkono.

"Hilo si letu. Hilo la kwenu, la ziwani."

"Hapana, mama! Hili nimeliandika miaka yote, kwenye arusi zote. Mashine haikuwahi kulikataa."

"Mashine! Sisi hatusemi hivyo. Nilimwambia Wendelin, mkeo anakosea hapa, msahihishe. Akanijibu, liache, mama, linanipendeza likiwa hivyo."

Notburga alitoa mikono kwenye kompyuta. Kumbe jioni zile Wendelin hakuwa anasahihisha yote. Mengine aliyaongeza kwenye kamusi kama yalivyo, makosa ya mkewe pamoja na maneno ya mama yake, ili mashine isimpigie mstari. Hakumwambia hata siku moja. Na yeye, kwa mdomo wake mwenyewe, alikuwa amesema ndiyo, tupige windo. Alilia kwa sauti, mchana kweupe, na mwanamume aliyekuwa anaingia na karatasi zake akarudi nje taratibu.

Bibi Walburga alisogeza kiti karibu. Kisha akasema, "Nikuambie tunavyosema sisi?"

"Niambie, mama."

Bibi akalitamka polepole. Notburga akalifuta lile la ziwani, akaandika la Kimatengo, herufi kwa herufi, akamrudishia kwa kumsomea. Mara hii lilikuwa sahihi kabisa, na mashine ikalipigia mstari mwekundu.