Mbegu ya Mkaguzi

Nina ugonjwa mmoja: siwezi kumwona mtoto akikosa walichopata wenzake. Mume wangu husema huruma yangu haina breki, na mwalimu wa sayansi anahitaji breki. Nilimwambia afunge mdomo ale chakula chake. Kumbe alisema kweli, na sijamwambia hadi leo.

Wiki ile darasa la tatu tulikuwa tunaotesha maharage. Watoto arobaini na wanane, makopo arobaini na manane, kila kopo na pamba iliyolowa na mbegu moja, yote yamepangwa dirishani. Kila asubuhi mtoto huchora mbegu yake daftarini na kuandika chini yake alichokiona. Kubahatisha marufuku. Niliitangaza sheria hiyo kwa ukali, nikapiga na meza, mkono ukaniuma.

Siku ya nne mizizi ilikuwa imetoka kila mahali, na darasa lilikuwa na kelele za sokoni. Kopo moja tu lilikuwa kimya. Lilikuwa la binti ambaye wenzake walimbandika jina la Mkaguzi, kwa kuwa hata chaki mpya lazima aikague kabla hujaiandikia. Mbegu yake ilikuwa imelala tu juu ya pamba. Wakaanza kumtania kwamba ameotesha jiwe. Hakulia. Alichora, akaandika: "Leo pia hakuna kitu." Roho iliniuma kuliko kama angelia.

Nyumbani nilikuwa na mbegu zangu za akiba, zimeota vizuri kwenye sahani jikoni. Asubuhi ya siku ya tano nikafunga moja kwenye pamba, nikaondoka bila hata chai.

"Unakwenda kufundisha au kuiba?" mume wangu akauliza.

"Nakwenda kumfurahisha mtoto."

"Haya. Siku za mwizi arobaini."

Darasani hapakuwa na mtu. Nikaitoa mbegu ya zamani, nikaikunja kwenye karatasi na kuitia mkobani, nikaweka ile yenye mzizi. Nilijiona malaika.

Kengele ilipolia wakamiminika dirishani. "Ya Mkaguzi imeota!" mmoja akapiga yowe, na darasa zima likapiga makofi. Mwalimu mkuu akaingia kuona kelele ni za nini, akasimama nyuma, mikono mgongoni.

Mkaguzi hakupiga makofi. Aliliinamia kopo, akatazama daftari lake, akalitazama kopo tena.

"Mwalimu, hii siyo yangu."

"Ni yako, mwanangu."

"Yangu ina kidoa cheusi hapa pembeni. Hii haina."

"Furaha imemzidi!" akasema msichana wa dawati la mbele, na wote wakaangua kicheko. "Ulichora vibaya wewe!"

Mkaguzi akanitazama, akinisubiri niseme neno. Nami, mbele ya mwalimu mkuu, nikajifanya napanga makopo.

Akarudi dawatini polepole, akatoa kifutio, akaanza kufuta. Kwanza kidoa cha siku ya kwanza, kisha cha siku ya pili.

Hapo nilijichukia. Mtoto wa miaka minane ameona sawasawa kwa macho yake mwenyewe, na sasa anafuta kwa sababu yangu. Nikapenya katikati ya madawati, nikaangusha begi la mtu, nikamshika mkono.

"Usifute! Umeona sawa. Mimi ndiye niliyebadilisha mbegu asubuhi, kabla hamjaja. Tena nimekudanganya mbele ya wenzako. Nisamehe."

Nyuma, mwalimu mkuu akakohoa.

"Kwa nini ulibadilisha, Mwalimu?" akauliza Mkaguzi, bila hasira.

"Nilikuonea huruma."

"Lakini mimi nilitaka kujua kwa nini haioti."

Jibu, kama lipo, lilikuwa mkobani. Nikaitoa mbegu, mwalimu mkuu mwenyewe akaenda kuleta wembe, na tukaizunguka meza. Nikaipasua pale pale penye kidoa. Kidoa kilikuwa tundu, na ndani ya tundu alikuwamo fukusi, yule mdudu anayetoboa maharage yakiwa ghalani. Amekufa, lakini baada ya kukila kitoto cha mmea chote. Watoto arobaini na saba wakayasahau makopo yao. Mwalimu mkuu alitaka kutazama kwanza, akaambiwa apange foleni. Yule msichana wa dawati la mbele akaja na daftari lake, anamwomba Mkaguzi amwonyeshe jinsi ya kuchora tundu.

Mwisho wa kipindi wakaniletea madaftari nisahihishe, maana jioni hiyo yalikuwa yanakwenda kwa wazazi kutiwa sahihi. La Mkaguzi lilikuwa juu kabisa. Vidoa vyote vilikuwa vimerudishwa, vyeusi kuliko mwanzo. Chini yake aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa duara:

"Siku ya tano. Mwalimu aliondoa mbegu yangu akaweka nyingine. Nilipouliza, alisema ni yangu. Haikuwa kweli. Baadaye alisema ukweli. Ndani ya mbegu yangu kulikuwa na fukusi."

Mwalimu mkuu alikuwa anasoma juu ya bega langu. Nilitafuta kosa, hata la nukta, nisilione. Nikachukua kalamu nyekundu, nikatia alama ya vema, nikaandika "Kazi nzuri sana", nikaweka sahihi yangu.