Mashine Ilipolia Jikoni kwa Salvina

Valerian alikuwa ameinama jikoni kwa Salvina, akipitisha bomba la mashine ya kupimia mawe juu ya mafiga, mashine ilipoanza kulia mfululizo kama mtama unaopasuka kikaangoni. Salvina, mjane mwenye nyumba, alikuwa amechuchumaa hapo hapo akisukuma kuni. Ukuni ulimponyoka.

Shemeji yake, Bujiku, alikuwa mlangoni. Watoto wake wawili walikuwa wamekufa masika yale. Aliwageukia majirani waliokuja kuitazama mashine.

"Imemwona," alisema polepole.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Mfumu, mganga wa ramli, akimtaja mtu kwa uchawi, mtu huyo hufukuzwa, na wengine huuawa kabla hawajafika hata njia panda. Valerian alinyanyuka na bomba mkononi. Alikuwa mwalimu wa shule ya kati, ameajiriwa likizo ile na wapima miamba waliotafuta urani pande za Kharumwa. Wenzake walikuwa Geita. Alikuwa peke yake.

Alijaribu kueleza. Kila kitu, alisema, jiwe, chungu, hata mkono wa mtu, kimejengwa kwa atomu, chembe ndogo zisizoonekana. Katikati ya atomu kuna kiini, ambamo protoni na nyutroni zimebanana kama ng'ombe zizini. Elektroni huzunguka mbali nje, kama inzi, na kati yake na zizi ni patupu. Idadi ya protoni ndiyo jina la kitu: sabini na tisa ni dhahabu, tisini na mbili ni urani. Lakini zizi la urani limejaa mno, halitulii. Hutupa vipande nje, na mashine husikia vipande hivyo.

"Umewahi kuviona?" Bujiku aliuliza.

"Sijaviona."

"Basi wewe na mfumu mna tofauti gani?"

Valerian alimnyooshea bomba. Kisha alisema, "Mfumu hakupi vifaa vyake ujaribu mwenyewe. Shika."

Walitoka hadi uani, mbali na jiko. Bujiku alimwelekezea Salvina bomba kifuani. Kimya. Salvina alifumba macho, midomo ikisema sala bila sauti.

Tik.

Watu walirudi nyuma. Mmoja aliokota jiwe.

"Sasa jiwekee bomba kifuani mwako," Valerian alisema.

Bujiku alisita, lakini wote walikuwa wakimtazama. Alijiwekea bomba. Walisubiri. Mashine ililia mara moja, kisha tena, na Bujiku akalitoa bomba kama limemchoma. Valerian alieleza kwamba vipande vichache hutoka ardhini, angani, hata miilini mwetu, kwa hiyo mashine hailali kabisa popote. Alimwomba Bujiku aipeleke jikoni, kwa kuwa sasa hakukuwa na mtu ndani.

Ilipofika kwenye figa la kushoto, ililia mfululizo. Waliokuwa nje waliisikia.

Valerian alitaka kulitoa jiwe lile wote walione, lakini Limi, jirani mzee, alimzuia. Figa la mwenye nyumba haling'olewi akiwa hai.

Ndipo Salvina aliposema kwa mara ya kwanza. "Shemeji, mawe haya uliyaleta wewe, kutoka kile kilima. Na ya jikoni kwako pia."

Bujiku aliitazama nyumba yake ng'ambo ya shamba la mtama. Limi aliuliza kama jiwe hilo huua watoto. Valerian alisema hajui. Vipande hivyo vyaweza kudhuru mwili vikiwa vingi, lakini kama jiwe moja la jikoni latosha, hajui, wala hatasema asichokijua.

Aliyeokota jiwe alilitupa chini na kujifuta mkono kwenye nguo.

Walipima jiko la Limi, likawa tulivu. Jua lilikuwa limezama na betri ilikuwa inafifia; Valerian alisema iachwe ipumzike. Jiko la Bujiku lilibaki, na yale ya upande wa kilima.

"Kesho uanze kwangu," Bujiku alisema, kisha akaondoka bila kumuaga Salvina.

Salvina hakuwasha moto. Alitandika mkeka nje, karibu na mlango.

"Usiende kulala mbali, mwalimu," alisema. "Bado hujapima kwake. Jiko lake likikaa kimya, watarudi kwangu."