Ukumbi wa Mahafali

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na mkuu wa chuo hukiri hivyo mwenyewe bila kushikiwa fimbo. Mto ulikuwa umevunja kingo na kufunika mtaa mzima wa bondeni, na watu kama mia mbili walisimama kwenye geti la chuo wakiwa wamelowa chapachapa, watoto mgongoni, wakiomba pa kujihifadhi. Yeye alikuwa ofisini na wajumbe wanne wa kamati ya maafa, wakimngoja wa tano ili akidi itimie. Huyo wa tano alikuwa amekwama juu ya paa la nyumba yake. Kwenye muhtasari akaandikwa kuwa hayupo, na hakutoa udhuru.

Mkuu alipochungulia dirishani aliona geti liko wazi na umati unaingia ukumbi wa mahafali, uliopigwa rangi juzi tu. Akashuka ngazi mbiombio. Mlangoni alimkuta mpishi wa bweni, funguo zinaning'inia kiunoni, anagawa mablanketi.

"Mama, nani amekupa ruhusa?"

"Mvua, baba. Wewe si una kikao?"

"Lakini ukumbi huu hufunguliwa kwa wahitimu tu! Kanuni hiyo niliiandika kwa mkono wangu," akafoka, maji yakimchuruzika puani.

Mpishi akamfunika blanketi mabegani kama mtoto.

"Basi wape vyeti, baba. Mtihani wa kuogelea wamefaulu wote."