Maji Yaliyotulia Mno

Kwenye Mto Dunmore, magharibi mwa Tasmania, nahodha huheshimiwa kwa jambo moja tu: kutovuruga maji. Mto wenyewe ni mweusi kama chai ya rangi, kwa sababu ya majani ya msituni yanayolowa humo mwaka mzima, na asubuhi isiyo na upepo hugeuka kioo. Milima inaonekana mara mbili, mbingu mara mbili, na watalii wanalipa pesa nzuri kuja kupiga picha ya kitu ambacho wangekipata bure kwenye beseni. Ndivyo Lorna Rourke alivyopenda kusema, lakini alikuwa anajidai tu, maana hakuna aliyekipenda kile kioo kumshinda yeye. Boti yake aliiingiza mtoni polepole, kama mtu anayeingia chumba cha mgonjwa. Isitoshe, sheria ya hifadhi ilikataza mawimbi, kwa vile yanabomoa kingo na kuangusha miti iliyoota kabla babu wa babu yake hajazaliwa. Nahodha aliyepiga mawimbi alinyang'anywa kibali, akarudi baharini kutega kamba wa kuuza.

Safari iliuzwa kwa mafungu matatu. Kwenda ni kwa treni ya mvuke iliyopita ukingoni, kurudi ni kwa boti, na wenye mifuko minene walipandishwa ndege ya maji waone yote kutoka juu. Familia ya Rourke ilikuwa imeyagawana yote. Alby, mume wake Lorna, aliendesha treni. Lorna alishika boti. Binti yao Tamsin alirusha ndege, na wazazi wake hawakuchoka kumwambia kwamba ameajiriwa na wavivu wa kutembea.

Asubuhi hiyo Lorna alikuwa amezima injini mahali mto uliponyooka, boti ikielea kimya na abiria wake arobaini, wote wamejipanga kwenye reli na simu zao. Redio ikakoroma.

"Mama, kioo chako leo umekipiga pasi?" Ilikuwa sauti ya Tamsin.

"Nimekipiga pasi nikakikunja. Ole wako ukichafue."

"Mimi sikitaki hata bure. Nipe makunyanzi kidogo nishuke vizuri."

"Makunyanzi yamejaa usoni kwa baba yako. Nenda kashukie huko."

"Jamani, na mimi nasikia," Alby akasema kutoka kwenye treni, na Noreen, mama wa makamo aliyehudumia chai na keki botini, akacheka mpaka sinia ikayumba.

Lakini haukuwa mzaha mtupu. Kwa rubani wa ndege ya maji, maji yaliyotulia namna ile ni mtego. Uso wake hauonekani. Unachoona ni mbingu nyingine chini yako. Unadhani bado uko juu, kumbe umefika, unajibamiza. Au unadhani umefika, unaiachia ndege ikae, kumbe bado kuna urefu wa nyumba, nayo inaanguka kama mfuko wa saruji. Injini ikiwa nzima kuna ujanja wake: unashuka kidogo kidogo kwa nguvu ya injini mpaka maji yenyewe yakukute. Injini ikizima, ujanja umekwisha.

Lorna alikuwa anamweleza abiria mmoja jinsi ya kupiga picha bila kuingiza kivuli chake mwenyewe, redio iliposema tena. Ilikuwa sauti ya Alby, na haikuwa na mzaha hata chembe.

"Lorna. Unamwona mtoto?"

"Hapana. Yuko nyuma ya mlima."

"Mimi nimesimama darajani, namwona. Anatoa moshi. Moshi mweusi."

Lorna akaingia kwenye chumba cha usukani na kufunga mlango nyuma yake. "Tamsin, nisikie. Una nini?"

"Mafuta ya injini yanavuja, Mama. Yamenirukia kioo cha mbele, sioni mbele kabisa. Naona kwa dirisha la pembeni tu." Alikuwa anaongea taratibu, taratibu mno, kwa sauti ya kutowatisha watu waliokaa nyuma yake. Walikuwa wawili, mume na mke, wamekuja kusherehekea ndoa yao. "Bandarini ukungu umefunga. Nakuja hapo mtoni. Hakuna pengine."

Na kweli hapakuwa na pengine. Juu na chini ya pale mto ulijipinda kati ya milima kama utumbo, na kulikobaki kote ni msitu.

"Hakuna upepo, Lorna," Alby akasema. "Moshi wa treni unapanda wima kabisa. Hayo maji hayatajikunja yenyewe."

Hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa anayatazama. Hayajawahi kuwa mazuri vile, na aliyachukia kwa moyo wake wote.

"Noreen!" akaita. "Waketishe wote. Wavishe makoti ya kuokolea. Sasa hivi!"

"Kuna nini, Lorna?"

"Tamsin anaanguka."

Noreen akaanza kugawa makoti. Lorna akawasha injini zote mbili, akasukuma mkono wa mwendo mpaka mwisho. Boti ikaruka kama punda aliyechapwa, vikombe vikamwagika, mtu mmoja akapiga kelele kwamba simu yake imeanguka majini. Akaipeleka boti kushoto, akaikata kulia, akachora mto mzima kwa mapovu. Mawimbi yakakimbilia kwenye kingo, udongo ukaanza kuporomoka, na mti mmoja wa kale ukainama, ukalala majini na mizizi yake yote. Lorna aliuona. Siku nyingine angelia. Alipofika mwisho wa sehemu iliyonyooka, upande ambao ndege ingetokea, akageuza boti na kuiingiza kwenye mdomo wa kijito, pembeni kabisa, ili njia ibaki wazi.

"Tamsin, maji yamekunjika. Njoo sasa."

"Siwezi sasa. Niko juu mno, lazima nizunguke mara moja."

"Zunguka upesi."

"Mama, hii si teksi."

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Lorna alisimama na mkono kwenye usukani, akitazama kazi yake ikifutika. Mawimbi makubwa yakawa madogo. Madogo yakawa mistari. Mapovu yakapasuka moja moja. Mto ulikuwa unajiponya mbele ya macho yake bila aibu, na kila dakika kipande kingine cha mlima kilirudi mahali pake ndani ya maji.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa bibi mmoja wa Adelaide, Bi Petrakis, aliyepanda na wajukuu zake wawili wa kiume. Koti la kuokolea alikuwa amelivaa juu ya koti lake la sufu.

"Nahodha, hapa tulipo tuko salama?"

"Hapa mko salama, mama. Rudi ukae na watoto."

"Basi tusiondoke hapa."

Redio ilikuwa inakwaruza.

"Imezima," Alby alisema. "Lorna, injini imezima, panga la mbele halizunguki. Anashuka kama jiwe. Anapita juu ya mlima sasa hivi. Mungu wangu, anagusa miti!"

Ndege ikatokea. Ilikuwa ndogo, nyeupe, pua yote imepakwa weusi, na ilikuwa kimya. Kile kimya ndicho kilichomtisha Lorna kuliko moshi. Ilijipanga na mto vizuri, mabawa sawa, kama Tamsin alivyofundishwa. Mbele yake mto ulikuwa umeshatulia wote, ukimwonyesha mbingu.

"Mama." Sauti yake sasa ilikuwa nyembamba. "Sioni kitu. Sijui maji yako wapi."

Kuna mambo mtu huyafikiri, na kuna mambo mikono huyafanya. Lorna alijua kwamba kutoka pale kijitoni ni kuingia katika njia ya ndege isiyo na injini, isiyoona mbele, isiyoweza kupanda tena. Alijua ana watu arobaini. Aliwajua hata kwa nyuso, maana yeye mwenyewe ndiye aliyewashika mkono walipopanda. Alijua kila kitu. Akasukuma mkono wa mwendo mpaka mwisho.

Boti ikachomoka kijitoni, ikageukia upande uleule ndege ilikokuwa inaelekea, ikakimbia mbele yake katikati ya mto, ikimwaga nyuma njia ndefu ya mapovu meupe.

"Fuata weupe!" akapiga kelele redioni. "Tazama dirishani, fuata weupe wangu! Hayo ndiyo maji!"

"Mama, ondoka hapo!"

"Yaone maji! Unayaona?"

"Nayaona, ondoka!"

Hakuondoka. Akiondoka, weupe unakwisha. Nyuma yake abiria walikuwa wameshaelewa. Wengine walipiga mayowe, wengine walilala chini ya viti, Noreen alikuwa amewakumbatia watu asiowajua. Lorna akageuza kichwa mara moja tu. Kioo cha nyuma chote kilikuwa ndege. Aliona maboya yake mawili ya kukalia majini yakiteremka, akaona tumbo lake lina kutu mahali ambapo alikuwa amemwambia Tamsin pakwanguliwe. Akasubiri kugongwa.

Kisha ukasikika mlio wa kitambaa kinachochanwa. Maboya yaligusa mapovu, yakaruka, yakagusa tena, yakakaa. Ndege ikateleza, ikapunguza mwendo, ikayumba ubavu mmoja, ikasimama. Kati ya pua yake na boti palibaki nafasi ambayo mtu angeivuka kwa kuogelea bila kuhema.

Alby alikuwa anaita redioni, anaita, anaita. Lorna alikuwa ameshatoka mbio kutafuta kamba. Noreen ndiye aliyekuja kushika kipaza sauti. "Wazima wote, Alby. Pumua, mwanaume."

Wakaivuta ndege kwa kamba. Yule mume na mke wakapandishwa botini, wanatetemeka, mwanamke amepoteza kiatu kimoja. Watu wakapiga makofi, wakalia, wakakumbatiana, mtu akaanza kuwagawia pai za nyama kama msibani. Tamsin alipanda wa mwisho, uso mweusi kwa mafuta. Mama yake akamshika mabega, akamkagua juu mpaka chini kama mzigo uliotoka safari, kisha akamvutia kwake akaegemeza uso kwenye nywele zake, akabaki hivyo. Akarudi kwenye usukani kwa sababu boti haiwezi kujiendesha.

Bi Petrakis hakuwa amepiga makofi. Aliingia chumba cha usukani, akafunga mlango, akasimama mbele ya Lorna na mkoba wake tumboni.

"Nina swali moja, mwanangu. Angekuwa mtoto wa mtu mwingine mle ndani, ungetutoa pale kijitoni?"

Majibu yalikuwepo, na mazuri tu. Angeweza kusema nahodha yeyote hulazimika kumwokoa aliye hatarini. Angeweza kusema alipima umbali. Bibi mwenyewe alikuwa kama anamwachia nafasi ayaseme.

"Hapana," Lorna akasema. "Ningebaki pale pale nikamwombea."

Bibi akatikisa kichwa. Alikuwa analia, lakini sauti yake ilikuwa imara. "Wale ni watoto wa marehemu binti yangu. Sina wengine. Nitakwenda kwa wakubwa wako, na hayo uliyoniambia nitayasema kama yalivyo."

"Yaseme, mama. Una haki."

Bibi akatoka. Mlangoni alipishana na Tamsin, amejifunika blanketi. Hawakutazamana.

"Si ungemdanganya tu?" Tamsin akasema.

"Nimechoka kudanganya. Tangu asubuhi nawaambia watu mto huu ni wa amani."

Tamsin akakaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Mama, nilipoiona boti mbele yangu niliamua. Nilisema nikipita hapa bila kugusa maji, nakata kulia, naingia msituni nisiigonge boti."

Kulia palikuwa na jabali na miti mikubwa. Ndege isingebaki kipande. Alikuwa ametoka kijitoni kwenda kumwokoa, na kumbe yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa amemfungia njia ya mbele. Akashika usukani kwa mikono yote miwili.

"Ulifanya vizuri kufikiri hivyo," akasema kwa shida. "Nilikuwa na watu arobaini."

"Sikuwafikiria hao arobaini." Tamsin hakuinua uso. "Nilikufikiria wewe."

"Na wale wawili waliokaa nyuma yako?"

Tamsin akainuka, akasimama mbele ya kioo.

Nje, kwenye sitaha, yule mume na mke walikuwa wameketi chini ya blanketi moja, kila mmoja na kikombe cha chai. Mwanaume akageuka, akawaona kupitia kioo, mama na binti. Akamgusa mkewe. Wote wawili wakainuka, wakaweka mikono vifuani, wakawainamia kwa shukrani, machozi yanawatiririka.

Tamsin akafunika uso kwa blanketi. Lorna akainua mkono, akawapungia.